Mahali pa Kuchota Oili ya Turbo

Juzi alikuja nyumbani kijana mmoja wa gereji za Kagongwa, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akanipa shikamoo kabla hata hajazima pikipiki. Alikuwa ameihamisha filta ya oili ya lori, ameitoa ubavuni mwa injini na kuifunga kwenye chesisi, mahali ambapo mtu anaifikia bila kulala chini. Kazi nzuri. Tatizo lake lilikuwa bomba moja jembamba lililobaki likining'inia.

"Babu, hili ni la turbo. Nikilichomeka popote penye presha si itatosha?"

Nilimwambia azime pikipiki aketi. Aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa, na sidhani kama alisikia yote. Basi nayaandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaoanza kushika spana. Swali lake niliwahi kujijibu mwenyewe, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na jibu langu nusura limtoe mwenzangu kazini.

Kwanza muielewe turbo. Ndani yake kuna shafti fupi, unene wake kama kidole cha shahada. Upande mmoja inazungushwa na moshi wa ekzosti, upande wa pili inasukuma hewa kuingia kwenye injini. Inazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Shafti hiyo haikai juu ya chuma, inaelea juu ya utando wa oili. Utando ukikosekana kwa muda wa kusali Baba Yetu mmoja, chuma kinagusa chuma, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha.

Oili yenyewe inasafiri hivi. Pampu inainyonya kutoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inaisukuma kwenye filta, filta inaisafisha, ndipo inaingia kwenye njia kuu ndani ya bloku, mwili wa injini, na kugawanywa kwenye beringi zote. Turbo inapewa sehemu yake kwa bomba lake jembamba. Ukiihamisha filta unakuwa na mipira miwili: wa kwenda, unaobeba oili chafu kutoka kwenye injini, na wa kurudi, unaoleta oili iliyosafishwa. Kati ya mipira hiyo miwili ndipo mafundi wengi wanapopotea. Mimi nilipotea hapo hapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vijana wa leo mnasikia habari za uhaba wa wakati ule kama hadithi. Sabuni ilikuwa habari, na filta ya oili ilikuwa habari kubwa zaidi. Nilikuwa fundi katika karakana ya malori ya pamba mjini Shinyanga, na nyumba zetu wafanyakazi zilikuwa Ngokolo. Mimi ni mzaliwa wa Ushirombo. Nilisomeshwa na misheni, nikafunzwa ukatekista kabla ya kufunzwa ufundi, na hata baada ya kuhamia mjini niliendelea kufundisha watoto mafundisho ya komunyo ya kwanza kila Jumamosi jioni. Kwa hiyo karakana nzima iliniita Katekista. Wengine kwa heshima, dereva wetu Masalu kwa kunichokoza.

"Katekista," alikuwa akiniambia akiniona nimeinama kwenye injini muda mrefu, "umeibatiza au bado?"

Masalu hakuwa mtu wa kanisa wala wa msikiti. Alikuwa Msukuma wa ng'ombe, mrefu, mwenye sauti ya kuita mifugo ng'ambo ya mto. Aliendesha lori letu kubwa kuliko yote, lenye injini ya turbo, na lilikuwa moja tu la aina hiyo lililobaki. Ndilo lililokwenda upande wa Ushirombo na Bukombe, mbali, njia mbaya, kubeba pamba ya vijiji kuileta jineri, kiwanda cha kuichambua. Na alikuwa na tabia moja. Akifika kituo cha kununulia pamba, kabla ya kuzima, alikanyaga mafuta mara moja kwa nguvu, injini ikanguruma, ndipo akazima. Watu wa kituoni walijua: Masalu amefika. Watoto waliigiza mlio ule. Ni tabia mbaya kwa turbo, maana unaiachia shafti ikiwa katika kasi huku pampu imesimama haipeleki oili tena. Tulimwambia. Alicheka.

Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tabora, Mwislamu wa swala tano. Birika la maji tulitumia moja, yeye kwa udhu, mimi kwa kunawa kabla ya sala ya Malaika wa Bwana saa sita. Namshukuru Mungu kwa mtu yule. Alitufundisha kwa swali na jibu, kama katekisimu, ndiyo maana nilimwelewa haraka kuliko wengine. Aliweka kidole juu ya bomba lolote akauliza, "Hii imetoka wapi?" Ukisema imetoka kwenye pampu, anauliza, "Na kabla ya pampu?" Hakuachi mpaka umefika chini kwenye sampu. Halafu anakuuliza upya kwa kwenda mbele: "Inakwenda wapi? Imepita kwenye filta au haijapita?"

Filta za lori la Masalu zilipokwisha kabisa nchini, au tuseme zilipokwisha kwetu, tulianza kuzifua kwa dizeli na kuzirudisha. Filta ya karatasi haifuliwi, tulijua, lakini ukiwa na njaa utakula hata usichokipenda. Ndipo Mama Tereza, mtunza stoo, alipomwita Mzee Shabani akamwonyesha rafu ya nyuma. Kulikuwa na maboksi ya filta za matrekta ambayo yenyewe yalikuwa yamekufa zamani, yanaota kutu nyuma ya jineri.

"Hizi mnaziacha ziliwe na panya?" Mama Tereza aliuliza.

"Haziingii kwenye lori, mama. Kichwa chake, pale inapofungwa, ni kingine."

"Sasa si mchukue na kichwa chake? Trekta lenyewe linakidai?"

Mzee Shabani alicheka mpaka akashika rafu. Hivyo ndivyo filta ilivyohamishwa. Tulikata sahani ya chuma kuziba mahali pa filta ya zamani kwenye bloku, tukatoboa matundu mawili ya mipira, tukafungua kichwa cha filta cha trekta ili tukifunge kwenye chesisi nyuma ya kabini, juu, mahali ambapo mawe hayafiki. Wazo lilikuwa la mwanamke wa stoo. Nalisema kwa sababu meneja baadaye aliandika kuwa ni la mafundi.

Kazi ilikuwa katikati Mzee Shabani alipoletewa taarifa kwamba kaka yake amefariki Tabora. Aliondoka siku ile ile. Aliniambia, "Funga mipira, funga kichwa. Ukifika kwenye bomba la turbo nisubiri. Hilo tutalifunga wote."

Sikumsubiri.

Nitawaambia nilivyofikiri, ili mkijikuta mnafikiri hivyo msimame. Zamani bomba la turbo lilianzia kwenye kichwa cha filta ya lori, upande wa oili safi. Kichwa kile sasa hakipo. Nikakichunguza kichwa cha trekta, nikaona kitundu kidogo kilichozibwa kwa bolti. Nikafungua bolti, nikajaribu nati ya bomba la turbo, ikaingia kama imezaliwa pale. Vijana, kitu kinapoingia kirahisi namna ile, moyo unasema ni Mungu. Wakati mwingine ni uvivu umevaa joho. Sikujiuliza kitundu kile kiko upande gani wa filta. Kilikuwa upande wa kuingilia. Oili iliyofika pale ilikuwa bado haijapita kwenye filta.

Tena nilijipa na hoja. Kwetu mgeni hunawishwa kwanza na kupakuliwa kwanza. Nikasema turbo ni kitu laini, ipate ya kwanza, yenye presha kamili, kabla filta haijaipunguza nguvu. Nimelelewa vizuri, na malezi yangu mazuri nikayapeleka mahali yasipohusika. Turbo haitaki ya kwanza. Inataka iliyo safi.

Kosa la pili lilikuwa la watu wa pamba peke yao, sidhani kama fundi wa nchi nyingine angelifanya. Mpira wa kurudi ulikuwa mpya, una vifuniko vyake pande zote mbili. Mpira wa kwenda niliutoa kwenye trekta bovu, una vumbi na utope mkavu ndani. Karakana yetu ilipakana na jineri, na hatukuwa na matambara. Tulipangusa kila kitu kwa pamba iliyochambuliwa, laini, nyeupe, bure. Basi nikafunga donge la pamba kwenye waya, nikalivuta ndani ya mpira, likatoka jeusi. Nikavuta la pili, likatoka jeusi kidogo. La tatu likatoka jeupe nikafurahi. Sikuona kilichobaki ndani. Pamba iliyochambuliwa huacha nyuzi, na nyuzi zikilowa oili hujisokota zenyewe.

Kama bomba la turbo lingechota oili baada ya filta, nyuzi zile zingeishia kwenye filta na nisingeandika haya leo. Kosa moja peke yake lingesamehewa. Lakini nilikuwa nimeyapanga yote mawili kwa mstari.

Lori likawaka, likanguruma vizuri, geji ya oili ikapanda. Masalu akapanda akaondoka kwenda Ushirombo. Msimu ulikuwa umeiva, pamba imerundikwa vituoni bila paa, na mvua za kwanza hazikuwa mbali.

Aliburutwa kurudi siku ya nne, lori lake limefungwa mnyororo nyuma ya lori jingine. Alisema turbo ilianza kupiga mluzi, kisha ikalia kama nguruwe, kisha moshi wa buluu, kisha nguvu zikaisha. Lilimzimikia kwenye kilima. Watu wa kijiji walimsaidia kulisukuma pembeni, wakamuuliza pamba yao itakwenda lini.

Jumamosi asubuhi niliifungua turbo peke yangu. Shafti ilikuwa ya buluu kwa kuungua. Nikafungua bolti yenye tundu inayoleta oili juu ya turbo, nikachungulia kwenye mwanga, sikuona mwanga. Nikachokonoa kwa pini. Kikatoka kitu kama utambi wa kibatari, cheusi, kimesokotwa, urefu wa punje mbili za mchele. Nikakitandaza juu ya kiganja kwa ncha ya pini. Pamba.

Nilikaa chini pale pale.

Meneja aliingia na Masalu nyuma yake. Akauliza, "Umeona nini?"

Nikasema, "Shafti imeungua, meneja. Ilikosa oili."

Neno lile lilikuwa la kweli lote. Meneja akamgeukia Masalu. "Ulionywa mara ngapi kuhusu kupiga resi kabla ya kuzima?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Masalu hana mzaha. Meneja akasema barua yake itakuwa tayari Jumatatu, na nyumba ya Ngokolo airudishe mwisho wa mwezi. Kisha akatoka. Masalu alibaki anaitazama ile shafti. Mimi kiganja changu nilikuwa nimekifumba.

"Watoto hawajambo?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza hivyo.

"Hawajambo, Katekista," akasema, akaondoka.

Jioni ile nilifundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo. Ilikuwa zamu yake kwenye kitabu, sikuichagua mimi. Mtoto mmoja aliuliza kama kunyamaza ni kusema uongo. Nikamwambia swali hilo tutalisoma wiki ijayo. Jumapili nilikwenda Misa, na wakati wa komunyo nilibaki kwenye benchi, mke wangu akanitazama, hakuuliza kitu. Namshukuru Mungu kwa wake wasiouliza mbele za watu. Nyumbani aliuliza.

Mchana nikaenda kwa Mzee Shabani. Alikuwa amerudi asubuhi, bado ana vumbi la safari. Nikampa pole ya msiba, kisha nikafungua karatasi niliyoifungia ule uchafu. Hakuugusa.

"Umechota wapi?" akauliza.

"Kwenye kichwa cha trekta. Kwenye kile kitundu."

"Upande wa kuingilia."

"Ndiyo, mzee."

Nilitegemea anikaripie, ningeona nafuu. Akasema, "Masalu anajua kusoma?"

"Jina lake na vibao vya njiani. Zaidi ya hapo kwa shida."

"Basi barua ya Jumatatu atakuletea wewe umsomee. Wewe ndiye Katekista."

Akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu nilimtangulia Masalu kwa meneja, lakini alifika wakati bado nazungumza, akasimama mlangoni. Niliweka karatasi mezani, nikaeleza tundu, mpira, na pamba. Meneja akaiinua karatasi mpaka karibu na miwani yake.

"Hiki ndicho kilichoua turbo?"

"Hicho, na mimi."

Masalu akasema kutoka mlangoni, taratibu, "Katekista. Jumamosi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa nacho mkononi?"

"Nilikuwa nacho."

"Ukaniuliza watoto."

Nilimwomba msamaha mbele ya meneja. Alisema, "Nimesikia," ambalo si sawa na nimesamehe, wala sikustahili zaidi ya hilo siku ile. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akamwambia meneja, "Lakini resi napiga. Hilo nalo ni kweli."

Meneja aliitwaa kofia yake, akaivaa, akaivua. Alikuwa na pamba inayosubiri mvua, na turbo moja tu iliyobaki, iliyotolewa kwenye lori jingine la aina hiyo lililopinduka zamani. Alisema, "Ifungeni. Ikifika mwisho wa msimu nzima, mnabaki wote wawili. Ikifa, sitauliza tena ni nani."

Sasa sikilizeni tulivyofanya, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Mzee Shabani alianza kwa kunifanya nifuatilie kila bomba kwa kidole, kutoka sampu hadi turbo, nikisema kwa sauti. Nilipofika kwenye kichwa cha trekta alisema, "Rudisha bolti ya watu mahali pake." Nikaziba kitundu. Kisha akanionyesha ubavuni mwa bloku, pale geji ya presha ya oili inapoungwa. Pale ni kwenye njia kuu. Oili inayofika pale imekwishatoka kwenye injini, imekwenda kwenye filta, imerudi. Tuliweka kiungo chenye mikono mitatu: mmoja unaingia kwenye bloku, mmoja unabaki na geji, mmoja unakwenda turbo. Bomba la turbo likawa fupi, urefu wa mkono wa mtu tu, badala ya kuzunguka hadi nyuma ya kabini na kurudi. Ufupi nao una faida yake: asubuhi injini ikiwaka, turbo haisubiri oili itoke safari.

Kiungo kile kisipunguze tundu. Kiwe na upana ule ule wa bomba la kiwandani. Na usipake gundi ya gasketi kwenye bomba linaloleta oili kwenye turbo; kipande kikimeguka, kitafanya kazi ile ile iliyofanywa na pamba yangu.

Mpira wa kwenda tuliutupa. Mzee Shabani alipata mwingine, nikauosha kwa dizeli mara tatu, nikaupuliza kwa upepo, nikauinua kuelekea jua na kuchungulia. Usafi wa mpira unaangaliwa kwa kuchungulia mwanga. Hutausoma kwenye donge ulilolivuta. Uwe mpira wa kuhimili oili ya moto. Wa maji ya rejeta utalainika na kupasuka. Mpira usiguse ekzosti, usisuguane na chesisi. Na mipira ile imekula oili, kwa hiyo ukishawasha, zima, pima kwa kijiti, uongeze.

Kisha bomba la kurudisha oili kutoka turbo hadi sampu. Wengi hawaliheshimu kwa sababu halina presha. Oili ile inashuka kwa uzito wake tu. Miaka michache baadaye, Geita, mchimbaji mmoja alinipeleka kuangalia injini ya lori aliyoifunga kuzungusha kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Turbo inatoa moshi wa buluu, wamebadilisha mbili. Nikaona bomba la kurudi limepandishwa juu, likavuka fremu, likashuka tena.

"Kwa nini limepanda?" nikauliza.

"Lilikuwa linanizuia kupita, mzee."

"Wewe unapita wapi?"

"Hapo."

"Basi hamia upande mwingine, oili haiwezi."

Vijana wake walicheka sana, naye akacheka, akalishusha bomba, moshi ukakoma. Bomba la kurudi liwe pana, lishuke moja kwa moja, liingie juu ya usawa wa oili kwenye sampu.

Mwisho kabla ya kuwasha. Filta tuliijaza oili kwa mkono. Turbo tuliimiminia oili kwenye tundu lake la juu huku nikiizungusha kwa kidole. Tukaziba dizeli injini isiwake, tukalegeza bomba la kurudi, tukaweka bakuli, Masalu akapiga stata. Ikazunguka, tukaacha ipumue, akapiga tena. Safari ya tatu oili ikadondoka bakulini, kisha ikatiririka, tukakaza bomba. Ndipo Mzee Shabani akasema, "Bismillahi," nami nikafanya ishara ya msalaba, tukafungulia dizeli.

Ikabaki tabia ya dereva. Nilimwambia Masalu, kwa uangalifu, maana alikuwa bado hanitanii, kwamba akifika asikanyage, aiache injini iungurume taratibu mpaka turbo ipoe, kwa muda wa Salamu Maria kumi.

"Sizijui hizo," akasema.

"Basi hesabu chochote, polepole."

Akafikiri. "Nitahesabu ng'ombe wa baba, kwa rangi zao."

"Wako wangapi?"

"Msukuma haulizwi hivyo, Katekista. Watatosha."

Utingo wake aliniambia baadaye kwamba walipofika vituoni Masalu alikaa kwenye usukani injini ikiunguruma, macho amefumba, akitaja ng'ombe kwa Kisukuma mmoja mmoja, na akikosea alirudia kuanzia mwanzo. Watu walidhani anasali. Watoto walikasirika kwa kukosa ule mlio.

Lori lilikwenda na kurudi. Kila liliporudi nililegeza bomba la turbo, nikachungulia bolti yake kwenye mwanga, nikarudisha. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa na vituo viwili bado. Watu walifunika pamba kwa nyasi na magunia, na Masalu alilala njiani kwenye tope mara mbili, lakini akaitoa yote. Mzigo wa mwisho ulipoingia jineri, meneja alikuja karakana mwenyewe akataka turbo ifunguliwe mbele yake.

Niliitoa. Mzee Shabani akamwambia meneja ashike shafti kwa vidole. "Isukume mbele na nyuma. Isicheze. Sasa pembeni. Hapo itacheza kidogo sana, ndivyo ilivyotengenezwa, pengo lile ni la oili." Meneja akasukuma. Akazungusha. Ilizunguka kimya, ikachukua muda kusimama. Akajipangusa vidole kwenye suruali yake safi bila kukumbuka, akaingia ofisini.

Mimi, Mzee Shabani na Masalu tulibaki tumesimama. Mama Tereza alitokea mlangoni mwa stoo akatutazama, akarudi ndani.

Meneja alitoka na karatasi ya safari, akampa Masalu. Ilikuwa ya kupeleka mbegu vijijini wiki ile. Masalu aliisogeza mbali na macho, akatafuta mahali pa dereva, akaweka kidole juu ya jina lake. Alilisoma kwa midomo bila sauti.

"Mnaondoka kesho," meneja akasema. "Na wewe, Katekista, kabla hajaondoka angalia breki za nyuma."

Masalu akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Akaniambia, "Nisindikize nyumbani kwanza. Nimwambie Mama Kabula afungue mizigo."

Sikumwelewa. Tukatembea hadi Ngokolo. Nilipoingia ndani mwake niliona magunia yamepangwa ukutani, yamefungwa kamba, vyungu, nguo, vitanda vimeegeshwa vimetolewa mbao. Msimu mzima, tangu Jumamosi ile, watu wale walikuwa wamelala kwenye mikeka na kupikia sufuria moja, wakisubiri kuambiwa waondoke. Mama Kabula, mke wake, alikuwa amekaa juu ya gunia. Nilimsalimia, akaitika, hakunikaribisha kiti kwa kuwa viti navyo vilikuwa vimefungwa.

Masalu alimwambia. Yeye akanitazama mimi, kama anayetaka kusikia kwa fundi. Nikamwita mama kwa Kisukuma nikasema, "Ni kweli, mayu. Turbo ni nzima." Kisha nikapiga magoti kwenye gunia la kwanza nikaanza kulifungua fundo. Lilikuwa limekazwa sana, na sikutumia kisu.